Jinsi ya Kumnyima Dalali Usingizi

Mnadani kuna mtu mmoja anayelala fofofo kila usiku, naye ni dalali. Analala kwa sababu anajua kesho watakuja wauzaji wasioweza kurudi nyumbani na ng'ombe wao. Mmoja anadaiwa ada ya shule. Wa pili ana mgonjwa hospitali. Wa tatu malisho yamekwisha, na ng'ombe wake wanatembea kwa kuegemeana. Kwa wauzaji kama hao dalali hahitaji ujanja mwingi. Anahitaji kivuli kizuri na subira ya saa mbili.

Mwongozo huu umeandikwa kwa nia ya kuuharibu usingizi huo. Lengo lake ni moja: mfugaji afike mnadani akiwa na uwezo wa kusema "hapana", kisha amswage ng'ombe wake kurudi bomani bila kupiga magoti kwa mtu. Bei ya ng'ombe hupangwa na mwenye uwezo huo. Akiwa nao mnunuzi peke yake, bei ni ya mnunuzi. Uwezo huo hautengenezwi siku ya mnada. Hutengenezwa miezi mitano au sita kabla, nyumbani, nyasi zikiwa bado mbichi. Ninawaandikia kwanza wafugaji wa uwanda wa Umasaini, kuanzia Kajiado upande wa Kenya hadi Longido, Monduli na Simanjiro upande wa Tanzania. Msukuma wa Kishapu na Mgogo wa Kongwa nao watajiona humu, wakaribie.

Hatua ya 1: Uza ukiwa huna shida

Muulize mfugaji mwezi wa sita kwa nini hauzi. Atakushangaa. "Niuze kwa nini? Ng'ombe wamenona, maziwa yapo, nyasi zipo." Hizo alizozitaja ndizo sababu tatu za kuuza. Baada ya masika dume ana uzito wake wote, wauzaji ni wachache, na wanunuzi wa Arusha, Dar es Salaam na Nairobi bado wana malori ya kujaza. Mwezi wa kumi, vuli ikichelewa, kila boma linaswaga kwenda mnadani, na malori ni yale yale.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme dume wako ana kilo 300 mwezi wa sita, na kilo moja ya ng'ombe hai inakwenda shilingi 4,000 za Tanzania. Hapo una shilingi 1,200,000. Ukimngoja hadi mwezi wa kumi, kiangazi kikamla kilo 60, na bei ya kilo ikaporomoka hadi 2,800 kwa sababu mnada umefurika, utapewa shilingi 672,000. Ng'ombe ni yule yule, na umemlisha miezi minne zaidi.

Hesabu haijaisha, kwa sababu mfugaji hali noti. Anauza ng'ombe ili anunue mahindi, na mahindi hupanda ng'ombe anaposhuka. Kama gunia lilikuwa shilingi 80,000 wakati wa mavuno, dume wa mwezi wa sita alinunua magunia 15. Likifika 120,000 wakati wa njaa, dume wa mwezi wa kumi hanunui hata sita. Ukiona boma limeuza ng'ombe wengi kiangazi na bado watoto wanalala na njaa, sababu ni hiyo. Usiwaite wazembe. Waliuza siku ambayo kila kitu kilikuwa kimepanda isipokuwa ng'ombe wao.

Tazama na kalenda ya walaji. Januari shule zinafunguliwa, kila mzazi anaswaga, na mnada unajaa ng'ombe wa ada. Krismasi na Idi el-Haji huongeza wanunuzi. Idi ina neema yake kwa miaka hii, kwa kuwa kila mwaka hurudi nyuma kwa takriban siku 11. Mwaka 2026 inaangukia mwishoni mwa Mei, masika yakiwa yamewanenepesha ng'ombe. Ifikapo 2030 itakuwa Aprili. Sikukuu ikikutana na unono, hiyo ni nafasi ya kuitumia, maana baada ya miaka michache itahamia kwenye ukame.

Hatua ya 2: Itisha kikao cha boma

Ng'ombe mmoja ana wenyewe wengi. Baba ana chapa yake, mama ana maziwa yake, kijana aliahidiwa ndama siku ile ya tohara, na rafiki wa bonde la pili ana jike wake aliyekopeshwa humo humo zizini. Dalali anaijua siri hii. Ndiyo maana hupenda kumkuta baba peke yake, mbali na nyumbani, simu ikiwa imeisha chaji.

Kaeni mwezi wa tano, wote. Mama aseme ni yupi anayekamuliwa vizuri na yupi anayedanganya kwa kiwele kikubwa kisicho na kitu. Wachungaji waseme ni yupi anayebaki nyuma njiani kwenda kisimani. Hao vijana huona mambo ambayo mwenye mali hayaoni. Mwenye daftari aandike, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni pia mahitaji ya fedha ya miezi kumi na miwili ijayo: ada, dawa za kuogesha, chanjo, chakula, harusi kama ipo. Mkimaliza mtakuwa na idadi ya ng'ombe wa kuuza, itokanayo na mahitaji yenu na uwezo wa malisho. Wengi wetu huwa hatuna idadi hiyo hadi siku ya dharura, na siku ya dharura idadi huwa ni wote.

Hatua ya 3: Panga foleni ya kutoka

Kila zizi lina foleni ya kutoka. Usipoipanga wewe, itapangwa na shida, na shida haichagui vizuri.

Watangulie maksai na madume waliokomaa. Dume wa zebu akishapita miaka minne au mitano hakui tena kiasi cha kulipia nyasi anazokula. Najua anapendeza. Najua ana pembe za kutajwa kwenye nyimbo na kengele inayosikika kilima cha tatu. Mbakize mmoja wa kusifiwa. Wale wengine watano wamekwisha kusifiwa vya kutosha, waende.

Wafuate majike waliochoka: mwenye meno yaliyokwisha, tasa, na yule aliyepandwa misimu miwili bila kushika mimba. Jike mzee ni miongoni mwa wa kwanza kulala chini kiangazi kinapokaza, na akishalala hana mnunuzi. Kisha watoke madume wadogo wa ziada. Hawa wana soko kwa wanenepeshaji, kama wale wa mikoa ya Kanda ya Ziwa wanaowalisha mashudu ya pamba na pumba kwa muda wa miezi mitatu hivi, kisha wanawauza wakiwa wameiva. Kama mashudu yanafika kwenu kwa bei inayolipa, nenepesha mwenyewe, faida ibaki kwako.

Mtamba asiguswe, na jike mwenye mimba asiguswe. Zebu wa malisho ya wazi huzaa mara ya kwanza akiwa na umri wa kama miaka minne. Mimba yenyewe ni miezi tisa. Ukimuuza mtamba wa miaka mitatu kwa ajili ya ada ya muhula mmoja, umemuuza yeye, ndama wake wa mwakani, maziwa ya wajukuu, na miaka minne mingine utakayosubiri hadi umpate wa kukaa mahali pake. Hili haliwahusu wafugaji wa shuka na fimbo peke yao. Nchini Marekani, ukame wa miaka kadhaa mfululizo uliwasukuma wenye ranchi kupeleka majike wa kuzaa machinjioni. Ilipofika tarehe 1 Januari 2025 nchi nzima ilikuwa na ng'ombe milioni 86.7, idadi ndogo kuliko zote tangu 1951. Bei ikapanda kuliko ilivyowahi kupanda, na aliyekwisha kuuza majike wake hakuwa na ndama wa kupeleka sokoni.

Hapa nina neno na wataalamu wa ofisini, wale wanaofika kijijini na wimbo mmoja: "Punguzeni mifugo." Mfugaji anayeingia kiangazi kikali na ng'ombe mia anaweza kutoka na arobaini na kuanza upya. Anayeingia na kumi na watano anatoka na idadi isiyoweza kulisha nyumba, naye ndiye tunayemkuta mjini akilinda geti la mtu. Wingi wa majike ni bima ya mfugaji, na mtu hapokonywi bima yake kabla hajapewa nyingine. Pa kupunguza ni kwa madume na wazee, tena mapema, wangali na bei. Wataalamu wakiusema ushauri huo kwa namna hiyo, mikutano yao itajaa.

Hatua ya 4: Shida ndogo ilipwe na mbuzi

Ng'ombe hana chenji. Ukimswaga dume mnadani kwa sababu ya sare ya shule na kilo tano za sukari, utarudi na noti nyingi kuliko shida yako, na noti zilizozidi zina rafiki kila kibanda njiani. Zaidi ya hapo, umekwenda na haraka ya shida ndogo kuuza mali kubwa, na haraka hiyo inaonekana usoni.

Fuga mbuzi na kondoo kwa kazi hii. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano, anakula vichaka ambavyo ng'ombe anavipita, na ana mnunuzi karibu kila wiki. Yeye ndiye mlinzi wa dume wako. Akilipa daftari na dawa ya homa, dume anabaki akingoja siku yake.

Hatua ya 5: Jua kilo kabla hujatajiwa bei

Kwenye minada yetu mingi ng'ombe huuzwa kwa jicho. Jicho la dalali limepima wengi kila wiki kwa miaka. La mfugaji linapima wachache kwa mwaka, tena linawapenda. Mashindano hayo yamekwisha kabla ya kuanza.

Nunua tepu ya kupimia. Mzungushie ng'ombe kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, akiwa amesimama sawasawa na kichwa hakijainama. Uchague tepu iliyotengenezwa kwa ajili ya zebu, kwa sababu zile za ng'ombe wa kizungu hukosea kwa hawa wetu wenye nundu. Mpime kila mmoja wa wale walio kwenye foleni na uandike. Mnada wenye mzani, mpandishe mzanini hata kama mnunuzi ananuna. Wala usimjaze maji ya chumvi asubuhi ili aonekane mzito. Wanunuzi wanaujua mchezo huo tangu enzi za babu zao, na wanawakata bei wote, mwaminifu na asiye mwaminifu, ili kufidia.

Ukishajua kilo, hesabu kinyumenyume kutoka buchani. Zebu akichinjwa, nyama pamoja na mifupa huwa karibu nusu ya uzito wake hai. Dume wa kilo 300 anatoa kilo 150 hivi. Kama buchani kilo ni shilingi 10,000, hiyo ni milioni moja na nusu, kabla hujahesabu ngozi, kichwa, miguu na matumbo. Ondoa nauli ya lori, ushuru, gharama za machinjio na faida halali ya kila aliyefanya kazi. Ukitajiwa laki saba, utakuwa na haki ya kuuliza ni nani anayekula kinachobaki katika zile laki nane za tofauti. Uliza kwa adabu, lakini uliza.

Hatua ya 6: Weka akiba ya nyasi na uandike tarehe za uamuzi

Uwezo wa kukataa bei hukaa kwanza tumboni mwa ng'ombe. Aliye na nyasi za wiki tatu anaweza kungoja mnada ujao; asiye nazo atauza leo.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Wamasai wana alalili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili ndama na wanyonge wapate pa kulia wakati wa ukame. Wasukuma wana ngitili, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986 ulifanikiwa kwa kuifufua desturi hiyo hiyo. Fungeni alalili na mheshimu mipaka yake, hata anayeingiza ng'ombe usiku akiwa ni mjomba. Kwa ndugu zetu wa Kajiado jambo hili lina uzito zaidi. Ranchi za vikundi zilizoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1968 nyingi zimegawanywa viwanja, nyua zimesimama, na njia za kuhamia zimezibwa. Asiye na pa kuhamia hana budi kukata majani wakati wa mvua, kuyakausha na kuyafunga robota.

Kisha andika tarehe. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa msimu kabla ya vuli na kabla ya masika. Ukisikia La Niña imejengeka, jua kwamba vuli ya kaskazini mara nyingi huwa haba. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022 misimu mitano mfululizo ya mvua ilishindikana katika Pembe ya Afrika, na Kenya peke yake ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2.5. Wengi wa waliopoteza hawakukosa habari. Walikosa siku ya kuamua. Kila wiki walisema "tungoje wiki moja", na wiki hiyo ilikuwa na jirani yake.

Kwa hiyo kikao cha boma kiandike mapema, watu wakiwa wameshiba na hawana hofu: ikifika tarehe 15 Novemba nyasi hazijaota, wanatoka watano wa kwanza kwenye foleni; ikifika 15 Desemba bado, wanatoka watano wengine. Tarehe ikifika msianze mjadala upya. Mvua ikija siku ya pili yake, mmeuza madume watano ambao mlikwisha kukubaliana wauzwe. Isipokuja, mmewauza wangali wanatembea. Katika ukame wa mwaka 2009 malori yalipanga foleni Athi River, Kenya, kupeleka ng'ombe kwenye kiwanda cha nyama, na ng'ombe wakafa wakiwa kwenye foleni. Kwa wenye ng'ombe hao, uamuzi wa kuuza ulikuwa sahihi. Tarehe ndiyo ilikuwa imepita.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Fika mapema na ng'ombe aliyepumzika. Anayeswagwa usiku kucha anaingia mnadani amepungua, na mbavu zake zinasema kila kitu kabla yako. Uwe na kibali cha kusafirisha mifugo na utambulisho wa ng'ombe wako, maana muuzaji asiye na karatasi ana sababu ya kutaka kuuza haraka, na dalali hunusa haraka.

Mtazame dalali anavyofanya kazi. Anakuja taratibu, fimbo begani, hamwangalii ng'ombe. Anakusalimu wewe. Kisha, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, anaingiza kidole gumba kati ya mbavu za mwisho, anakibonyeza, anashuka hadi kwenye shina la mkia na kubonyeza tena, akitafuta mafuta. Anavuta ngozi ya bega na kuiachia kuona inavyorudi. Anamshika puani na kumfungua mdomo: meno mawili makubwa, manne, au mdomo umejaa. Hayo yote yanachukua muda mfupi kuliko salamu. Kuanzia hapo anaujua umri, unono na kilo. Wenzake walio kando wamekwisha kugeuza migongo, kwa kuwa dalali mmoja akishamshika ng'ombe, wengine hawapandi bei juu yake. Kisha mazungumzo yanaanza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana."

"Mzee wangu, huyu ni wa laki saba. Ameshachoka."

"Amechoka na nini? Jana alilala kwa shemeji yangu hapo ng'ambo, hata jasho hana. Ana kilo mia tatu, tepu hii hapa."

"Tepu haichinji, mzee. Laki saba na nusu. Biashara haigombi, na lori linaondoka."

"Basi wasalimie Dar es Salaam."

Zingatia kilichompa mzee huyo nguvu ya kutuma salamu. Ng'ombe wake amelala karibu na amekunywa maji. Kilo zake anazo. Ada ya mtoto imekwisha kulipwa na mbuzi. Nyumbani kuna alalili. Jana jioni alipiga simu mnada wa Pugu, Dar es Salaam, akajua wenzake wanauzaje. Kila hatua iliyotangulia ilikuwa imesimama nyuma yake pale alipofungua mdomo.

Ongeza na hili: usiende peke yako. Wauzaji kumi wenye ng'ombe wa kujaza lori moja wanaweza kuzungumza na mwenye machinjio wa Pugu au wa Dagoretti, Nairobi, moja kwa moja, wakakubaliana bei ya kilo kabla ng'ombe hajatoka bomani. Muuzaji mmoja mwenye ng'ombe mmoja hana la kumwambia.

Na dalali mwenyewe? Mlipe, kama amefanya kazi. Kuna madalali wanaowajua wanunuzi wenye fedha taslimu, wanaodhamini kwamba ng'ombe si wa wizi, na wanaosimama katikati lugha zisipoelewana. Hiyo ni kazi ya halali na ina ujira wake. Kubaliana naye ujira huo mbele ya watu kabla hajamgusa ng'ombe. Anayestahili kunyimwa usingizi ni yule anayenunua kwako kwa bei ya shida na kumuuza huyo huyo ng'ombe hatua ishirini mbele kwa bei ya haki, jasho lako likiwa bado halijakauka mgongoni mwa mnyama.

Hatua ya 8: Fedha isilale kwenye shuka

Dume akishakuwa noti, anza kumchunga upya. Noti hazina kengele shingoni. Ziingize benki au kwenye simu siku ile ile, na uzigawe kama kikao kilivyoandika: sehemu ya ada, sehemu ya chakula kinunuliwe wakati wa mavuno, sehemu ya majani na dawa. Nyingine ibaki kwa ajili ya lile lisilotarajiwa, kwa sababu soko linaweza kufungwa hata ng'ombe wakiwa wazuri. Mvua kubwa za mwishoni mwa 2006 zilileta homa ya Bonde la Ufa, na soko la Garissa, Kenya, likafungwa wakati malisho yamejaa. Ugonjwa wa miguu na midomo nao hufunga minada kwa karantini. Mwenye unono usio na soko anahitaji akiba sawa na mwenye ukame.

Kama bima ya mifugo imefika kwenu, isikilize. Ile iliyoanzia Marsabit mwaka 2010 hupima kwa setilaiti jinsi malisho ya eneo yalivyokauka, na ikalipa kwa mara ya kwanza mwaka 2011. Haihitaji mtu wa kuja kuhesabu mizoga. Lakini inalipa kwa hali ya eneo zima, kwa hiyo ng'ombe wako wanaweza kufa na ndigana kali nyasi zikiwa kijani, na hapo haitakuhusu. Muulize wakala swali hilo waziwazi kabla ya kuweka alama ya kidole.

Hatua ya 9: Rudi sokoni kama mnunuzi

Mvua zikirudi baada ya kiangazi kibaya, kila mtu anatafuta mtamba, na mwenye mtamba anakuwa mfalme. Aliyeuza madume mapema akatunza fedha anaweza kuwatangulia wengine, akanunua mitamba nyasi zinapochipua, kabla bei haijapanda.

Nunua kwa macho mawili. Mtamba aliyekulia mahali pasipo na kupe akiletwa penye kupe anaweza kufa kwa ndigana kali kabla hujalizoea jina lake. Mchukue kutoka eneo linalofanana na lenu, umtenge wiki kadhaa kabla ya kumchanganya na wengine, na umchanje. Kama fedha haitoshi ng'ombe, anza na mbuzi jike. Watazaa mara mbili au tatu kabla mtamba hajazaa mara moja, na watabadilishwa kuwa ng'ombe baadaye. Fahali naye akishaanza kuwapanda binti zake, mbadilishane na boma la mbali, vizazi visidhoofike.

Hatua ya 10: Dai birika

Hatua tisa za kwanza ziko mikononi mwa boma. Hii ya kumi iko mikononi mwa halmashauri na kaunti, nayo mfugaji ana haki ya kuidai kwa sauti. Kila ng'ombe anayeuzwa mnadani hulipiwa ushuru. Tembelea minada yetu uone ushuru huo umerudi kwa sura gani. Mingi haina kivuli, haina mzani unaofanya kazi, haina ubao wa bei za wiki iliyopita, na haina maji.

Anza na maji. Ng'ombe aliyesimama juani tangu alfajiri bila kunywa anamlazimisha mwenyewe auze saa nane mchana kwa bei yoyote, awe alijiandaa miezi sita au hakujiandaa kabisa. Birika moja lililojaa linawapa wauzaji mia nguvu ya kungoja hadi jioni, au kulala na kurudi kesho. Mzani uje wa pili, ubao wa bei wa tatu. Diwani akija kuomba kura, mwombeni vitu hivyo vitatu kwa mpangilio huo, na mwulizeni mwaka huu ushuru wa ng'ombe ulikuwa shilingi ngapi na umekwenda wapi. Ng'ombe aliyekunywa anaweza kungoja, na mfugaji anayeweza kungoja ndiye anayetaja bei.